Begi la mgongoni kwa safari ndefu ya umisheni: namna ya kulifunga, hatua kwa hatua

Ninawaandaa watu wanaotumwa na kanisa kwenda kuhudumu ng'ambo kwa mwaka mmoja, miwili au zaidi. Tiketi nyingi za kutoka Nairobi huruhusu mzigo wa kilo 23, nyingine mara mbili yake, na watu hujaza kilo zote kwa sababu zimelipiwa. Lakini ndege haikufikishi kituoni. Baada ya ndege kuna basi, kuna pikipiki, pengine boti, kisha unatembea. Kipimo chako ni mgongo: mzigo usizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili. Mwenye kilo 60 abebe 12, mwenye 70 abebe 14, na maji ya kunywa yamo humo humo.

Hatua ya 1: Tafuta begi linalokaa kiunoni

Lita 50 hadi 60 zinatosha. Ukinunua la lita 80 utalijaza, hata kama hukuwa na cha kulijaza. Mapya ya aina nzuri ni ghali, kwa hiyo wengi wetu huenda masoko ya Gikomba au Toi jijini Nairobi, ambako mabegi ya wapanda milima huja na mitumba. Nenda asubuhi na mapema, kabla wanaonunua ili kuuza tena hawajachagua.

Usiangalie rangi wala jina. Ingiza mkono ndani usugue kitambaa kwa kidole. Kikinata, au kikiacha ungaunga mweupe kidoleni na harufu ya uchachu, utando wa kuzuia maji umekwisha kuoza, na hakuna fundi wa kuurudisha. Zipu iliyokwama au kishikizo cha mkanda kilichovunjika si neno. Fundi wa mabegi atakibadilisha ukimsubiri. Cha lazima ni mkanda wa kiunoni ulio mnene, wenye sponji ngumu. Mwombe muuzaji akujazie jinzi ndani, ulivae hapo hapo. Mkanda ukae juu ya mifupa ya nyonga, si tumboni, na mabega yabaki yakiongoza tu. Ikiwa mkanda unafika kwenye mbavu, begi hilo ni fupi kwako, liache hata kama bei imeshuka.

Hatua ya 2: Anza na kibegi cha mbele

Kabla ya kugusa begi kubwa, jaza kibegi kidogo utakachoingia nacho kwenye ndege. Humo mna pasipoti iliyobakiza angalau miezi sita, barua ya mwaliko, cheti cha tabia njema, na nakala za vyeti vya masomo. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kisisahaulike: Kenya iko katika orodha ya nchi zenye ugonjwa huo, na nchi kama Thailand hukidai kwa anayetoka huku. Chanjo ipigwe si chini ya siku 10 kabla ya kusafiri. Ukiwa na cheti cha zamani kilichoandikwa miaka kumi usihangaike, kwani tangu 2016 hudumu maisha yote.

Dawa zibaki kwenye pakiti zake pamoja na barua ya daktari. Anayepitia Dubai achunguze dawa zake za kikohozi na maumivu, maana kodeini hudhibitiwa vikali huko. Pawabenki nayo haiingii kwenye mzigo wa chini ya ndege. Ya mAh 20,000 ni kama wati-saa 74, ndani ya kikomo cha 100 ambacho mashirika mengi hukubali bila kuuliza.

Jambo dogo ambalo huwatesa watu baadaye: washa ruoming kwenye laini yako ya Kenya ukiwa bado nyumbani. Benki hutuma namba za siri kwenye laini hiyo.

Hatua ya 3: Tandaza kila kitu, kisha punguza

Tandika kanga sakafuni, panga juu yake kila unachotaka kwenda nacho, uondoke ukanywe chai. Ukirudi utaona vizuri zaidi.

Nguo za juu tano, za chini tatu, moja ya ibada, sweta, koti la mvua, soksi na nguo za ndani za wiki moja. Utafua. Nguo nyingine nunua huko unakokwenda, tena zitakuwa za mtindo wa wenyeji, jambo ambalo lina heshima yake. Hata Mongolia ni hivyo. Baridi ya Januari Ulaanbaatar hushuka chini ya nyuzi 30 chini ya sifuri, na koti zito la Toi lichukue tu la kukufikisha, tena ulivae, usilipakie. Koti lenyewe la majira ya baridi linauzwa huko, na wanaoliuza wanaijua baridi yao.

Pasi, birika la umeme na mashine ya nywele vibaki. Brazil baadhi ya miji hutumia volti 127 na mingine 220, na soketi zake si za pini tatu nene kama zetu. Chaja iliyoandikwa 100-240 inakubali kote, inahitaji adapta tu, na utaipata Luthuli Avenue, Nairobi. Vitabu pakua kwenye simu. Biblia ya karatasi beba moja, ya maandishi madogo. Sijawahi kumshinda mchungaji kwenye hoja ya vitabu vya ufafanuzi, lakini mizani hunisaidia.

Sasa zawadi. Ibada ya kuwekewa mikono ikiisha, kina mama wa kanisa watakuja na unga, njugu, kiondo kikubwa na blanketi. Kukataa ni kuwavunja moyo, na kukubali ni kilo tisa. Sema, "Asante sana mama, unga huu tutausonga Jumapili tuule pamoja kabla sijaondoka." Huwa wanacheka, na ugali unaliwa. Vya kubeba ni kanga mbili (shuka, taulo, pazia, na mwisho zawadi), bangili za shanga, na pakiti chache za majani ya chai yaliyofungwa kiwandani. Ukipitia Australia au New Zealand, tangaza kila chakula kwenye fomu, hata njugu. Faini hutolewa papo hapo.

Hatua ya 4: Pakia kwa tabaka

Mifuko laini ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, nawe huihitaji. Mpe fundi leso ya zamani akushonee vifuko vitatu vya kamba, vyenye rangi tofauti: nguo za ndani, nguo za nje, vitu vya kuogea. Utatoa kifuko bila kufukua begi zima kwenye kituo cha basi.

Chini kabisa weka vyepesi usivyovihitaji mpaka ufike, kama vile shuka, sweta na nguo ya ibada. Katikati, ukigusisha kabisa upande wa mgongo, weka vizito: Biblia, viatu, majani ya chai, kebo na adapta. Jaza soksi ndani ya viatu. Uzito ukikaa mbali na mgongo hukuvuta nyuma, nawe utajiinamisha mbele kusawazisha, na jioni kiuno kitakuuma. Nje ya vizito zungushia nguo laini mpaka pasibaki tupu, ili mzigo usicheze. Juu kabisa koti la mvua na chakula cha njiani. Kisu kidogo kiwe humu, si kwenye kibegi.

Hatua ya 5: Pima, kisha utembee nalo

Wale vijana wa mizani mtaani watakupima kwa sarafu chache. Panda bila begi, panda nalo, toa.

Kulivaa nako kuna mpangilio wake. Legeza mikanda yote. Funga wa kiunoni kwanza, ukaze. Kisha vuta ya mabega, polepole, mpaka iguse bila kubana. Halafu ile midogo ya juu ya mabega, inayovuta begi likukaribie. Wa kifua mwisho. Tembea saa mbili kwenye msitu wa Karura, njia za milima na mabonde, ukiwa na viatu utakavyosafiria. Panapokuuma patajionyesha mapema. Ukirudi utatoa kitu kingine, na mara nyingi ni jozi ya tatu ya viatu.

Hatua ya 6: Siku ya kuondoka

Pale kwenye kizuizi cha JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, huenda ukatakiwa kushuka garini na kupita ukaguzi kwa miguu, kwa hiyo kibegi kiwe mwilini na pasipoti iwe karibu. Ndani, kabla ya kulikabidhi begi, zungusha mkanda wa kiunoni upande wa nyuma uufunge, na uchomeke ncha zote za mikanda. Zikinaswa kwenye mitambo hukatika. Afadhali zaidi, liingize kwenye gunia la nailoni lenye jina lako na namba ya simu ya mwenyeji wako, si yako ya Kenya. Lipige picha, na upige picha kile kikaratasi cha mzigo kilichobandikwa nyuma ya tiketi.