Jinsi ya kukrosi soya na ndugu yake wa porini

Aina za soya zilizotolewa kwa wakulima Marekani kati ya 1947 na 1988, karibu robo tatu ya jeni zake zimetoka kwa mababu 17 tu, yaani ukikrosi humohumo ni binamu anamwoa binamu kila mwaka. Ndo maana watu wanarudi kwa Glycine soja, yaani soya ya porini, ule mmea wa kutambaa unaoota wenyewe China, Korea, Japani na kule mashariki kabisa ya Urusi. Una kromosomu (vile vibeba jeni) 40 kama soya ya shambani so wanazaa bila shida. Wale ndugu wa Australia wanaoishi miaka mingi waache kwanza, hao mpaka maabara.

Mbegu zake ni tudogo, tweusi, ganda gumu balaa, ukifukia hivihivi utangoja sana. Kata ganda kidogo kwa wembe, upande wa pili na kile kikovu, pale mbegu iliposhikana na ganda la tunda. Ikiota iwekee kijiti ipande. Na inataka siku fupi ndo itoe maua, so panda kwa awamu, kila wiki kidogo, ili maua ya pande zote yakutane.

Mama awe soya ya shambani yenye maua meupe, baba wa porini mwenye zambarau. Sasa hapa tulia, maana soya hujichavusha kabla ua halijafunguka. Chagua kichipukizi ambacho petali ndo kwanza zinachungulia, toa vile vijani vya nje kimoja kimoja, kisha shika petali kwa kibano uzivute taratibu, mara nyingi stameni, vile viuzi vya kiume vyenye chavua, zinatoka nazo. Kinabaki kiuzi chembamba, ncha yake ndo stigma, pale panapopokea chavua, ukiikwaruza basi umepoteza ua. Chukua ua la baba lililofunguka asubuhi hiyo, pakaza chavua, funga uzi wa alama. Mengi yatadondoka tu, zoea.

Mtoto akitoa maua ya zambarau krosi imeshika, akitoa meupe mama alijichavusha, ng'oa.

Kazi ngumu inaanza hapo, maana anakuja na tabia nyingi za porini, kutambaa, mbegu ndogo. Mrudishe kwa mama, yaani mkrosi tena na soya ya shambani, mara moja au mbili, na kila kizazi pima kile unachokitafuta, maana mfano proteni ikipanda mafuta huwa yanashuka. Halafu vishe maganda vifuko vya neti kabla hayajakauka, yanapasuka yenyewe, asubuhi unakuta yamejisokota na mbegu ziko chini kwenye majani.