Jinsi ya kuanzisha grupu la watu wa IT wa NGO na lisife baada ya miezi mitatu

Wakuu habari zenu. Mwezi huu watu kama wanne wamenifuata inbox na swali lile lile, grupu la watu wa IT wa NGO unalianzishaje likadumu, nikaona bora niandike mara moja tu. Mimi ni mtu wa IT kwenye asasi moja ya afya hapa Tanzania, na kama uko kwenye hizi kazi zetu unajua "mtu wa IT" maana yake nini: mimi ndo seva, mimi ndo printa, mimi ndo projekta ya kikao cha bodi, fomu za Kobo (zile za kukusanya data kwa simu) zikigoma kutuma huko wilayani ni mimi, na dereva akisahau paswedi ya simu yake binafsi ananitafuta mimi. Niko peke yangu. Benki wana idara nzima imejaa watu, sisi NGO nyingi ni mtu mmoja na laptopu yake, akikwama hana wa kumgeukia pale ofisini kwasababu wengine wote wanamgeukia yeye. Shika hilo kabla hujagusa simu kufungua grupu, maana mengine yote nitakayosema yanatokea hapo.

Grupu letu tulilonalo sasa lilianza 2022. Kabla yake kuna jingine nililiua mwenyewe, kwahiyo humu kuna niliyofanikiwa na niliyoharibu.

Hatua ya 1: Usifungue kitu, piga simu kwanza

Andika majina ya watu nane au kumi unaowajua wanaofanya kazi kama yako kwenye asasi nyingine, yule mliyekaa meza moja kwenye semina ya DHIS2 (mfumo wa takwimu za afya), yule aliyekuazima chaja siku ile, yule wa Mwanza mnayekutana kwenye mikutano ya mfadhili mmoja. Wapigie mmoja mmoja. Usitume meseji ya kukopi na kupesti, watu wanaijua ile. Msalimie, uliza nyumbani, alafu muulize swali moja tu: wiki hii ni kitu gani kimekusumbua ukakosa wa kumuuliza? Kisha nyamaza aongee.

Usimuulize "unaonaje tukianzisha grupu?" Kila mtu atakwambia wazo zuri sana kaka, alafu humuoni tena. Mimi la kwanza nililianzisha kwa "wazo zuri sana" kumi na nane, sikuwa na shida hata moja ya kweli mkononi. Mara ya pili nilipouliza kiukweli nikajaza kurasa mbili: vishikwambi 40 vya kusetiwa kabla ya Jumatatu na hajui kufanya kwa mkupuo, mkurugenzi anayegoma kuweka namba ya uthibitisho ya pili juu ya paswedi ya imeili, bakapu (nakala ya akiba ya data) ambayo haijawahi kujaribiwa kurudishwa, mtu wa fedha amebonyeza linki ya matapeli na ofisi inataka kulificha jambo. Hizo kurasa mbili ndo mtaji wako, zitunze.

Hatua ya 2: Chagua sehemu watu walipo tayari

Hapa ndo nilipokosea la kwanza. Nilikodi seva kwa hela yangu, nikaweka Discourse, ni programu ya kuendesha jukwaa la majadiliano kwenye tovuti, nzuri sana na ya bure, nikapanga vipengele vya networki, usalama, data, nikatengeneza na nembo, yaani nilijiona. Walijisajili watu 23. Walioandika ni wanne na mmoja wao ni mimi. Tatizo halikuwa programu, mtu aliyekwama saa tano asubuhi bosi kamsimamia kichwani hawezi kwenda kukumbuka paswedi ya tovuti, anafungua pale ambapo kidole chake kimeshazoea kwenda.

Kwa hapa kwetu hiyo ni WhatsApp, na bando la mitandao ya kijamii linalipika. Inachukua watu 1,024 kwa grupu, na tangu Novemba 2022 unaweza kuunganisha magrupu kadhaa chini ya mwavuli mmoja. Ubaya wake ni kwamba namba yako inaonekana na kila aliyemo. Usilichukulie poa hili hasa kwa dada zetu, tulipata dada mmoja fundi hasa wa mifumo, akajitoa wiki ya pili kwasababu kuna jamaa alianza kumpigia usiku "kumshauri". Yule jamaa tulimtoa lakini dada hakurudi. Kama watu wako wako tayari kuhama, Telegram inakuruhusu kuficha namba, inabeba hadi 200,000, na anayeingia leo unaweza kumruhusu asome ya mwaka jana. Sisi tumebaki WhatsApp, ila kuingia lazima admini akubali na sheria ya inbox iko juu kabisa: humfuati mtu inbox kabla hujaomba ruhusa mbele ya wote.

Kingine ambacho nimejifunza kwa uchungu: msajili mtu kwa namba yake na imeili yake binafsi, sio ya ofisi. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada ya nje na miradi ya USAID ikaambiwa isimame, wenzetu wengi imeili za kazi zilifungwa ndani ya siku chache. Aliyekuwa kwenye orodha kwa imeili ya ofisi alipotea siku hiyo hiyo aliyotuhitaji zaidi. Uanachama ni wa mtu, ajira ni kitu kingine.

Hatua ya 3: Kanuni tano, zisizidi

Kanuni za kurasa tatu hakuna anayesoma. Zetu ni hizi, nazieleza tu kama zilivyo: hakuna kuforwadi, iwe dua, iwe siasa, iwe "tuma kwa watu kumi". Hakuna kuuza, fundi wa CCTV na muuza leseni wana siku yao moja kwa mwezi. Inbox kwa ruhusa. Hakuna kumcheka aliyeuliza. Na hakuna skrinishoti yenye taarifa za walengwa.

Hiyo ya mwisho niikalie kidogo. Jamaa mmoja alikuwa na fomu inayokataa tarehe, kwa nia njema kabisa akapiga skrinishoti ya jedwali lote akatupia. Ndani yake kuna majina, namba za simu na majibu ya vipimo vya watu. Ilikaa dakika sita kabla hatujaifuta, na dakika sita kwenye simu za watu mia na ushee ni nyingi mno. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023 hapa Tanzania, Kenya wana yao tangu 2019, na hata bila sheria yule mama wa kijijini alitoa majibu yake kwa mradi, hakuyatoa kwa grupu la WhatsApp. Sasa hivi kanuni inasema: tengeneza safu mbili za uongo, piga picha hizo. Inachukua dakika mbili.

Hatua ya 4: Anza na watu 15

Ukiwa na 200 siku ya kwanza hakuna anayethubutu kuuliza. Anza na wale uliowapigia simu, kila mmoja alete mmoja. Changanya, usijaze watu wa networki watupu, weka watu wa M&E (ufuatiliaji na tathmini) maana wao ndo wanakaa na data, weka mmoja wa asasi ndogo isiyo hata na ofisi, weka mtu wa Zanzibar, na ukipata wa Nairobi au Kampala mchukue, utaona faida yake mbele.

Lugha ruhusu Kiswahili mchana kweupe. Watu wetu wengi wamesoma haya mambo kwa Kingereza ila kuuliza kwa Kingereza mbele ya watu kunawatia ganzi, mtu anaandika, anafuta, anaacha. Siku niliyouliza mimi mwenyewe swali langu la aibu kwa Kiswahili cha kawaida kabisa (sikuwa najua kwanini bakapu yangu ilikuwa inajaza diski, kumbe nilikuwa naikopia ndani ya diski ile ile), ndani ya nusu saa walifuata watatu na ya kwao. Kwahiyo admini, wiki mbili za mwanzo kazi yako ni kuuliza vitu vya kijinga, vya kweli lakini, usiigize, watu wanajua.

Hatua ya 5: Fundisha namna ya kuuliza

"Wakuu mtandao hausomi msaada" hilo sio swali. Tulipini mfano huu na kila anayekosea tunamwelekeza kwa upole:

"Habari wakuu. Niko Dodoma, ofisi ya watu 12. Tangu jana mchana imeili zinaingia ila hazitoki, kwa wote sio mmoja. Tunatumia Outlook. Nimejaribu kwa bando la simu, zinatoka. Bosi anataka ripoti iende kabla ya saa kumi. Nianzie wapi?"

Ona hapo, kuna wapi, nani kaathirika, tangu lini, umejaribu nini, na haraka kiasi gani. Mtu wa Arusha anasoma mara moja anajibu akiwa kwenye daladala. Voisi noti tumeruhusu kwa kuuliza tu, kujibu andika, maana voisi ya dakika nne hauwezi kuitafuta baadae.

Hatua ya 6: Weka siku inayojulikana

Sisi ni Jumatano saa kumi jioni, kliniki. Mtu mmoja anakuja na shida yake, wengine wanasaidia kuifungua. Tunatumia Zoom ya bure, inakata dakika 40, tukaamua hiyo ndo kanuni, ikikata tumemaliza, na watu wanaipenda kwa hilo. Usiite webina na usitengeneze bango. Ukitengeneza bango la kwanza kuulizwa ni "kuna posho?" na siwacheki, ndivyo sekta yetu ilivyotulea.

Siku nyingine kliniki inajiita yenyewe. 12 Mei 2024, Jumapili, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, Jumatatu kila bosi Afrika Mashariki anamwangalia mtu wake wa IT kama kala hela ya intaneti. Kabla hata chai haijaisha, wa Nairobi anasema huku pia inasuasua, wa Kampala vile vile, wa Mtwara hana kabisa. Tukaandika pamoja aya moja ya kumpelekea bosi, imetokea nini, kwanini kuzima na kuwasha ruta hakutasaidia, nini kipewe kipaumbele. Kila mmoja akabadili jina la ofisi akatuma. Watu walioingia wiki hiyo ndo nguzo zetu mpaka leo.

Hatua ya 7: Andika majibu pembeni

Hii ndo hatua inayorukwa kuliko zote. Jibu zuri kwenye WhatsApp linaishi siku mbili, kisha linafunikwa na "asante mkuu" kumi na nne. Fungua dokumenti moja ya Google, swali juu, jibu chini, tarehe, kwisha. Kila wiki mtu mmoja ana zamu ya kuhamisha mawili au matatu. Tarehe usisahau, vitu vinabadilika: Microsoft walipotangaza kuondoa zile leseni 10 za bure za Business Premium (kifurushi chao cha programu za ofisi) kwa asasi, kwa wanaofanya upya kuanzia Julai 2025, jibu letu la zamani lilikuwa bado limekaa pale linawaambia watu waombe. Wawili walishapanga bajeti kwa jibu lile. Sasa tunaandika na "hakiki tena ifikapo" mbele ya kila kitu chenye neno bure.

Kwa wanaodhani haya ni mambo madogo, hawa TechSoup tunaowajua kwa leseni za bei chee walianza 1987 San Francisco wakiitwa CompuMentor, na kazi yao ya mwanzo ilikuwa kumkutanisha mtu anayejua kompyuta na asasi iliyokwama. Leseni zilikuja baadae.

Hatua ya 8: Hesabu kitu sahihi

Idadi ya wanachama haina maana. Mimi kila mwisho wa mwezi nahesabu vitu viwili: maswali yaliyopita siku nzima bila jibu, na watu walioandika kwa mara ya kwanza. La kwanza likipanda, namtafuta pembeni anayejua na kumwomba ajibu. La pili likishuka ujue kuna mjuaji anawatisha watu, mpo nao, yule wa kujibu "hii si ipo Google?" Mpigie simu, usimkaripie hadharani, mara nyingi ukimpa zamu ya kliniki anageuka mwalimu mzuri tu.

Matangazo ya kazi toa kabisa, yafungulie grupu lake. Yakichanganyika na maswali, ndani ya mwezi grupu linakuwa ubao wa ajira na hakuna anayekiri amekwama mbele ya watu wanaoweza kumwajiri kesho.

Hatua ya 9: Maadmini watatu, asasi tofauti

Sio mmoja, na wasitoke ofisi moja, mkataba ukiisha wanaondoka wote. Wape na umiliki wa ile dokumenti. Na hela ya mfadhili kataeni mwaka wa kwanza hata ikija, sisi iliwahi kuja ofa ikiwa na ripoti ya kila robo mwaka, tukapiga hesabu tukaona muda wa kuandika ripoti ni mrefu kuliko muda wa kliniki.

Mimi mwaka jana niliumwa wiki mbili, simu sikushika. Niliporudi nikakuta maswali tisa yameulizwa, nane yamejibiwa, na la tisa lilikuwa linanisubiri mimi kwasababu ni la ile bakapu inayojikopia kwenye diski yake mwenyewe.