Mambo ya Kuzingatia Kabla Gari Ulilojiundia Halijaingia Barabarani

Gari la kiwandani likizima njiani, fundi yeyote wa Ndeeba, mtaa wa magereji Kampala, ana pa kuanzia. Ameshafungua mengi kama hilo, anajua waya wa rangi gani unakwenda wapi, na akikwama kuna kitabu. Gari uliloliunda mwenyewe halina kitabu. Injini imetoka kwenye Toyota Corolla ya Kikumi (E100) iliyogongwa, rejeta ni ya gari jingine, chasisi ni ya mabomba ya mraba yaliyochomelewa Katwe, na bodi ni ya faiba. Ramani yake unaijua wewe peke yako, na likikuzimikia ndani ya msitu wa Mabira saa mbili usiku, hata wewe utakuwa umesahau nusu yake. Kwa hiyo kazi ya kutafuta ubovu ianze gari likiwa zima: pima, andika kwenye daftari linalokaa ndani ya gari, ili siku ya shida uwe na cha kulinganisha.

Anza na betri. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri iliyojaa husoma volti 12.6 hadi 12.7. Ikisoma 12.4 imebaki na kama robo tatu ya chaji, na 12.0 ni karibu tupu. Pima tena stata ikizungusha injini. Betri isishuke chini ya volti 9.6. Mara ya tatu, pima injini ikiwa imewaka na imepandishwa kidogo, mizunguko 1,500 hivi kwa dakika: 13.8 hadi 14.5 ni chaji njema. Ukitumia altaneta ya Kikumi, plagi yake ndogo ina nyaya tatu, IG, S na L. IG lazima ipate umeme swichi inapowashwa. S ndiyo inayopima betri, kwa hiyo ipelekwe kwenye chanya ya betri kupitia fyuzi ya ampea 7.5. L inakwenda kwenye taa ya chaji ya dashibodi. Watu wengi hukata nyaya hizi wakati wa kupunguza waya za gari la zamani, wakaacha waya mnene peke yake, kisha wanashangaa altaneta nzuri haichaji.

Sasa ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, na hapa hatuna haraka, maana sehemu kubwa ya matatizo ya umeme kwenye magari haya yanatoka hapa. Kwenye gari la bati, bodi nzima ni njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri. Faiba haipitishi umeme hata kidogo. Taa ya nyuma uliyoifunga kwenye faiba haina ethi mpaka uipe waya wake. Chasisi nayo, ukiisha kuipaka rangi nzito, imefunikwa na kihami: bolti iliyobanwa juu ya rangi inashika vizuri kwa mkono lakini umeme hauoni njia. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae, eneo la ukubwa wa shilingi mia tano, weka washa yenye meno, bana, kisha ndipo upake grisi juu ya kiungo kizima kuzuia kutu. Tengeneza vituo vitatu vya ethi: mbele karibu na taa, nyuma ya dashibodi, na nyuma ya gari. Kila kituo kiwe na waya wake wa kwenda kwenye chasisi, na taa mbili zisitundikwe kwenye bolti moja ya bawaba.

Injini yenyewe inahitaji mkanda mnene wa ethi, milimita za mraba 25 au zaidi, kutoka kwenye bloku hadi chasisi, na mwingine kutoka chasisi hadi hasi ya betri. Injini imekaa juu ya mipira, na mpira haupitishi umeme. Ukiusahau mkanda huo, gari linaweza kuwaka hivyohivyo, kwa sababu umeme wa stata utatafuta njia nyingine: kebo ya akseli, kebo ya gia, hata bomba la breki. Ukiona kebo ya akseli imekuwa nzito ghafla na ganda lake la plastiki limeyeyuka, usinunue kebo nyingine kabla hujaangalia mkanda wa ethi.

Jinsi ya kupima ni rahisi, na maltimita, kipimo cha umeme, ya bei ndogo inatosha. Toa fyuzi ya EFI, mfumo wa kupulizia petroli kwa kompyuta, ili injini isiwake. Weka maltimita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri, nguzo yenyewe wala si klipu, na ncha nyingine kwenye chuma kitupu cha bloku. Mwenzako azungushe stata sekunde tano. Isizidi volti 0.2. Rudia upande wa chanya, kutoka nguzo ya betri hadi bolti kubwa ya stata. Hapo isizidi 0.5. Usiamini kipimo cha omu kwa waya mnene. Stata ikivuta ampea 150, upinzani wa omu 0.01 peke yake unapoteza volti moja na nusu, na maltimita ya kawaida haiwezi hata kuiona hiyo omu 0.01. Kipimo cha volti chini ya mzigo ndicho kinachosema kweli.

Dalili za ethi mbovu nazo uzijue mapema. Ukiwasha indiketa ya kushoto na taa ndogo ya nyuma inapepesa nayo, au ukikanyaga breki na taa zote za nyuma zinafifia, umeme umekosa njia ya nyumbani na unarudi kupitia balbu nyingine. Geji ya joto iliyolala chini siku zote huenda ni sensa uliyoizungushia utepe wa Teflon mzito kwenye nyuzi zake. Sensa ya waya mmoja hupata ethi kupitia nyuzi hizohizo. Geji ya mafuta isiyosema kweli, angalia kwanza tanki: likiwa limekaa juu ya faiba au juu ya vipande vya mpira, litakuwa halina ethi. Indiketa inayopepesa haraka kupita kiasi baada ya kuweka taa za LED haina ubovu wa waya. LED huvuta umeme kidogo mno, na flasha ya zamani, kifaa kinachopepesesha taa, inadhani balbu imeungua. Badilisha flasha, weka ya LED.

Fyuzi inalinda waya, kwa hiyo chagua fyuzi kwa unene wa waya. Waya wa milimita za mraba 1.5 usipewe zaidi ya fyuzi ya ampea 15. Balbu mbili za H4 za wati 60 kwenye taa kubwa zinavuta kama ampea 10, na ukizipitisha moja kwa moja kwenye swichi ya dashibodi, swichi itayeyuka. Tumia rilei, swichi ya sumaku inayobeba umeme mkubwa. Fuata namba za pini zake: 30 kutoka betri kupitia fyuzi, 87 kwenda taa, 86 kutoka swichi, 85 kwenye ethi. Andika kila rilei na kazi yake ndani ya kifuniko cha boksi la fyuzi kwa kalamu isiyofutika. Fyuzi kuu iwe karibu kabisa na betri, kwa sababu kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Swichi ya kukata umeme wote iwe mahali unapofika ukiwa umefunga mkanda wa kiti. Resini ya faiba inashika moto upesi.

Kila waya unapopita kwenye tundu la chuma, weka mpira wa tundu, na uufunge kwa klipu kila baada ya sentimita 25 au 30. Barabara za murram zinatikisa gari kwa saa nyingi mfululizo, na waya uliolala kwenye ukingo wa chuma unakatika ganda taratibu, halafu unapiga shoti mvua ikinyesha.

Jambo moja kwa wanaotumia injini ya Toyota ya 4A-FE: msitupe boksi dogo la uchunguzi lenye alama TE1 na E1, wala taa ya injini ya dashibodi. Ukiunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya na kuwasha swichi, taa inahesabu kosa kwa kupepesa. Kosa namba 12 ni alama ya mzunguko wa injini kutoka distribyuta, 22 ni sensa ya joto la maji, 31 ni sensa ya mvuto wa hewa, 41 ni ya akseli. Kiungo hichohicho ndicho kinachotumika kuweka taimingi, yaani wakati wa cheche ya plagi, digrii 10 kabla ya pistoni kufika kilele. Bila hicho kiungo, kompyuta inasogeza taimingi yenyewe na utakuwa unapima hewa.

Kwenye mafuta, shinikizo la petroli la injini hiyo ni bar 2.7 hadi 3.1, kwa hiyo mpira wa kabureta haufai. Nunua mpira wa EFI na klipu za mviringo mzima. Gari likikata nguvu kwenye kona mafuta yakiwa robo tanki, tanki halina vizuizi vya ndani na pampu inavuta hewa. Usianze kubadilisha plagi.

Joto ni suala la pekee kwetu Uganda. Kampala iko mita kama 1,200 juu ya bahari, na maji matupu yanachemka hapa kwenye nyuzijoto 96 hivi. Kabale, karibu mita 2,000, ni 93. Thamostati ya nyuzijoto 82 inafunguka karibu sana na hapo. Kinachokuokoa ni kifuniko cha rejeta: cha bar 0.9 kikiwa kizima kinapandisha kiwango hicho hadi zaidi ya 110. Kifuniko cha zamani chenye mpira uliokauka hakishiki shinikizo, na gari litachemka kwenye milima ya Kigezi hata kama rejeta ni mpya. Nunua kipya.

Ukiiweka injini nyuma ya viti na rejeta mbele, mabomba ni marefu na hewa inajificha. Weka skrubu ya kutolea hewa mahali palipo juu kuliko pote, inua pua ya gari kwa jeki, fungua hita kama ipo, jaza polepole, kisha washa mpaka feni ijizungushe na kuzima mara mbili. Bomba moja likiwa la moto na jingine bado baridi wakati geji inapanda, kuna hewa ndani. Zima na urudie. Usifungue kifuniko kikiwa cha moto. Kabla ya safari, acha gari likinguruma limesimama dakika 20 juani. Hiyo ndiyo foleni ya Jinja Road, na afadhali lishindwe uani kwako.

Breki zinataka uangalifu kuliko yote. Tumia mafuta ya breki ya DOT 4 kutoka chupa iliyofungwa. Mafuta haya yanafyonza unyevu wa hewa, na kiwango chake cha kuchemka kinashuka kutoka nyuzijoto 230 hadi kama 155. Usichanganye na DOT 5 ya silikoni. Toa hewa ukianzia gurudumu lililo mbali na masta silinda. Zungusha usukani mpaka mwisho pande zote mbili na uangalie kama mpira wa breki unagusa tairi au unavutika. Valvu ya kugawa breki ya Kikumi ilipimwa kwa gari lenye uzito mwingi mbele. Kwako uzito umehama, kwa hiyo nenda uwanja mtupu, kanyaga kwa nguvu ukiwa kwenye kilomita 30 kwa saa, na mtu asimame pembeni kuangalia. Magurudumu ya mbele yafunge kwanza. Ya nyuma yakitangulia, gari litageuka kwenye barabara yenye maji; usiendeshe mpaka umerekebisha.

Nati za magurudumu za Toyota zibanwe Nm 103, na ukague tena baada ya kilomita 100. Bolti za M10 za daraja 8.8 ni kama Nm 50. Ukimaliza kila bolti ya stering, mikono ya magurudumu na breki, chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma. Mstari ukivunjika, nati imezunguka. Nati yenye nailoni usiitumie karibu na ekzosi, nailoni inalainika, na ikifunguliwa itupwe.

Ndani ya gari weka maltimita, mita tatu za waya wa milimita za mraba 2.5, fyuzi za 7.5 hadi 30, rilei mbili, spana za 8, 10, 12, 14 na 17, klipu za mpira wa maji, mkanda wa altaneta, lita tano za maji, nusu lita ya DOT 4, kizima moto cha poda cha kilo mbili na pembetatu za tahadhari. Usajili na bima ya mtu wa tatu viwe vimekamilika kabla ya kugusa barabara kuu.

Safari ya kwanza iwe kilomita mbili, ya pili 20. Ukielekea Jinja, simama Mukono, sogeza kiganja karibu na kila habu, kitovu cha gurudumu. Moja ikiwa ya moto kuliko mwenzake wa upande wa pili, beringi imebanwa kupita kiasi au breki haiachii. Legeza na upime tena kabla ya kuendelea. Chungulia chini kama kuna tone la oili au maji. Ukirudi nyumbani, rudia vipimo vyote na uandike safu ya pili pembeni ya ile ya kwanza. Betri iliyolala na 12.6 ikiamka na 12.3, weka maltimita kwenye ampea kati ya nguzo hasi na waya wake, kila kitu kikiwa kimezimwa. Zaidi ya miliampea 50, toa fyuzi moja baada ya nyingine mpaka namba ishuke. Fyuzi iliyoishusha ndiyo yenye saketi inayovuja.