Umepandikizwa seli shina (zile zinazotengeneza damu) zako mwenyewe? Baada ya hapo ishi hivi
Cha kwanza chanjo, maana ile kemo kali (dawa za saratani unazopewa kabla ya kupandikizwa) inafuta kinga hata ya zile ulizochomwa utotoni, kwa hiyo unaanza upya kama mtoto, nyingi kuanzia miezi 6 hadi 12, ila zenye virusi hai kama surua subiri angalau miaka 2 na daktari akubali, na ya homa ya manjano usikimbilie eti safari imekaribia. Joto likifika 38 usimeze Panadol ukalala, nenda hospitali. Dawa ya kuzuia mkanda wa jeshi wengi wanameza kama mwaka hivi, usiache kisa unajisikia poa. Pima damu, thairoidi, mifupa, meno nayo yakaguliwe (watu wanayasahau sana). Kama ni mayeloma (saratani ya seli za uboho) kliniki haiishi, ugonjwa unaweza kurudi kimyakimya.