Kuandaa Mark II kwa mbio za kuzunguka uwanja wa udongo Dodoma

Kabla hujanunua hata boliti moja, elewana na waandaaji wa mbio kuhusu jambo moja: magari yatazungukia kulia au kushoto? Kwenye NASCAR, mbio maarufu za magari za Marekani, viwanja vya duara huzungukiwa kushoto, kinyume cha mshale wa saa, na usukani wa magari yao uko kushoto. Kwa hiyo dereva anakaa upande wa katikati ya uwanja, mbali na ukuta, na uzito wake unasaidia gari kukata kona. Magari yetu usukani uko kulia. Ukiiga mzunguko wao, unampeleka dereva upande wa ukuta na kuongeza kilo zake 70 au 80 mahali ambapo gari limeshaelemewa.

Mwongozo huu unachukulia kwamba mnazunguka kulia. Tukisema upande wa ndani, ni kulia, unaotazama katikati ya uwanja. Upande wa nje ni kushoto, unaotazama ukuta. Waandaaji waking'ang'ania kushoto, geuza vipimo vyote vya hapa.

Gari tunalolizungumzia ni Mark II GX100, ile ya injini ya 1G-FE yenye silinda sita. Inasukumwa na tairi za nyuma, spea zake zimejaa, na rimu zake ni za boliti tano kwenye duara la milimita 114.3, kwa hiyo hutakosa rimu za kubadilisha. Corolla na Carina zinaweza kushindana pia, ila zinavutwa na tairi za mbele na zinahitaji mpangilio wao.

Kuvua

Chomoa betri, subiri angalau sekunde 90, ndipo uguse eabegi. Zitoe zote mbili: eabegi ikilipuka wakati fundi ameinamia usukani inavunja pua na vidole. Baada ya hapo toa vioo vyote, taa, kapeti, viti, paneli za milango, bampa za plastiki na tangi la mafuta. Mabaki ya kioo yafyonze kwa mashine ya vumbi, hasa ndani ya milango, maana ufagio hauyafikii. Mahali pa kioo cha mbele weka wavu wa chuma na nondo tatu za wima mbele ya dereva. Milango ichomelewe. Upande wa dereva, dirisha lifungwe wavu wa mkanda unaofunguka kwa mkono mmoja. NASCAR waliulazimisha baada ya ajali ya dereva Richard Petty kwenye uwanja wa Darlington mwaka 1970, mkono wake ulipoonekana ukining'inia nje gari likibiringika.

Keji

Keji ni kizimba cha bomba kinachomkinga dereva gari likibingirika, na hapa ndipo pesa iende kwanza. Mafundi wengi wa kuchomelea mjini wamezoea mageti na madirisha, na atakachokupa fundi wa mageti ni bomba la maji la mabati. Likatae. Lina mshono unaopasuka likipigwa, na zinki yake inaharibu weldi na kutoa moshi wa sumu. Bomba za mraba za kutengenezea viti nazo usizikubali.

Tafuta bomba la chuma lisilo na mshono. Upinde mkuu nyuma ya dereva uwe na kipenyo cha milimita 45 na unene wa 2.5, au 50 kwa 2. Bomba nyingine 38 kwa 2.5 zinatosha. Hivyo ndivyo vipimo vya chini vya FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari. Pinda bomba likiwa baridi kwa mashine ya haidroli, na mkunjo usibane kuliko mara tatu ya kipenyo chake. Bomba lililopashwa moto likapindwa kwenye gogo linabonyea upande wa ndani wa mkunjo, na hapo ndipo litakapokunjika siku ya kubingirika.

Kila mguu wa keji ukae juu ya bamba la milimita 3 lenye eneo la sentimita za mraba 120 au zaidi, lililochomelewa kwenye sakafu. Bila bamba, mguu unatoboa sakafu kama kidole kwenye karatasi na keji inashuka na dereva wake. Mlango wa dereva uwe na bomba tatu za ulalo, zilizounganishwa kwa vipande vya wima. Tumia MIG (weldi ya waya na gesi) au fito za kuchomelea za 7018 zilizo kavu; za 6013 waachie mageti. Kabla ya kuwasha mashine ya weldi chomoa betri na kontro boksi (kompyuta ya injini), la sivyo umeme wa kuchomelea utaipitia.

Kiti kiwe cha mbio, kimefungwa kwenye keji na siyo kwenye sakafu. Mkanda uwe wa pointi tano au sita, na kamba za mabega zirudi nyuma zikiwa zimelala au zimeshuka kidogo tu, zisizidi nyuzi 20. Zikishuka sana kwenda sakafuni zinakandamiza uti wa mgongo gari likigonga. Kofia ya bodaboda haikutengenezwa kwa ajili ya moto. Nunua ya mbio za magari yenye alama ya usalama ya Snell SA. Kifaa cha kushikilia shingo nacho si anasa: dereva Dale Earnhardt alikufa kwenye uwanja wa Daytona mwaka 2001 kwa kuvunjika kitako cha fuvu, na NASCAR wakakilazimisha mwaka huohuo. Mtungi wa kuzimia moto wa kilo 2.5 ufungwe kwa mikanda ya chuma, mahali ambapo mkono wa dereva aliyefunga mkanda unafika.

Difu na tairi

Kwenye udongo difu huria, yaani ya kawaida isiyofungwa, inapeleka nguvu kwenye tairi lenye mzigo mdogo, nalo ni la ndani, linazunguka bure. Dawa ya bei nafuu ni kuchomelea gia ndogo za ndani ya difu zishikane. Osha oili yote kwa petroli, kausha, pasha moto kidogo, choma kwa 7018, kisha fukia kwenye majivu ipoe taratibu. Chuma cha gia ni kigumu. Weldi ikipoa haraka inapasuka, kipande kinadondokea kwenye meno na difu inakaba gari likiwa kasi.

Ukishafunga difu, tairi mbili za nyuma zinalazimika kuzunguka sawa, ilhali la nje lina njia ndefu zaidi kwenye kona. Ndiyo maana la nje linawekwa kubwa. Chukua 195/65R15 upande wa nje na 195/60R15 upande wa ndani. Mzingo wa la kwanza ni milimita 1993, wa la pili 1932, tofauti ni sentimita 6. Kwa hesabu ya kona yenye nusu kipenyo cha mita 30 ungehitaji karibu sentimita 10, lakini ukiiweka yote gari litavutia ndani kwenye sehemu iliyonyooka, na juu ya udongo tairi linateleza kiasi cha kufidia sehemu iliyobaki. Usiamini namba za ubavuni peke yake. Zungusha futi ya mshonaji kwenye tairi likiwa na upepo wake, maana tairi za mtumba za saizi moja zinapishana hata sentimita mbili.

Upepo wa kuanzia:
mbele nje psi 34
nyuma nje psi 30
mbele ndani psi 22
nyuma ndani psi 20

Jaza tairi likiwa kivulini. Tairi lililojazwa asubuhi ya baridi ya Juni likisimama juani hadi saa saba litakuwa limepanda psi kadhaa bila kuzunguka hata mara moja, na mara nyingi upande mmoja umepanda kuliko mwingine.

Toa fyuzi ya ABS. Mfumo ukiona tairi mbili zinazunguka kwa kasi tofauti muda wote, unachanganyikiwa na kuachia breki wakati usiofaa.

Rimu za chuma za kawaida hupasuka kuzunguka matundu ya boliti, na la mbele nje ndilo hutangulia. Zisugue na kuzikagua kwa tochi kila baada ya mbio. Nati zikazwe kwa Nm 103, kwa spana ya kupimia. Magari ya daraja kuu la NASCAR yana nati moja tu ya katikati tangu mwaka 2022. Sisi bado tuna tano, na nati moja iliyolegea inakata misumari ya zilizobaki.

Alaimenti na uzito

Tairi la mbele nje lilale ndani kwa juu nyuzi 3, na la mbele ndani lilale nje kwa juu nyuzi 1, ili yote mawili yaegemee kwenye kona. Fundi wa mashine ya alaimenti atakuambia gari limepinda. Mshukuru, kisha pima mwenyewe kwa timazi. Simamisha gari kwenye sakafu iliyolala sawa, ning'iniza timazi mbele ya rimu, pima umbali kutoka uzi hadi ukingo wa juu wa rimu na hadi ukingo wa chini. Kwenye rimu ya inchi 15 kila milimita 7 za tofauti ni nyuzi 1. Kwa hiyo nje unatafuta milimita 21, ndani 7. Boliti za kurekebishia zikiishia nyuzi 2 upande wa nje, anza na hizohizo. Tairi za mbele ziachane kwa mbele milimita 4 hadi 6 kuliko kwa nyuma.

Uzito ndio siri ya mchezo huu, na wengi wanaupita kwa sababu hauonekani. Lengo ni upande wa ndani kubeba asilimia 53 hadi 55, dereva akiwa amekaa. Hamishia betri kwenye buti, kona ya ndani, ndani ya boksi lililofungwa. Kupima hakuhitaji mashine ya kifahari. Mizani ya kupimia malori ya mazao inatosha, mradi jukwaa liko usawa mmoja na ardhi ya pembeni. Pima gari zima, kisha pitisha tairi za ndani tu juu ya jukwaa. Gari zima likisoma kilo 1,200 na upande wa ndani 640, una asilimia 53. Mizani ya aina hiyo husoma kwa hatua za kilo 10 au 20, kwa hiyo pima mara mbili. Kama haitoshi, ongeza vipande vya chuma kwenye sakafu ya upande wa ndani, kila kimoja kwa boliti mbili za M12 zenye nati za kujifunga. Chuma kilichofungwa kwa waya kitamfuata aliye nyuma yako.

Springi za nje ziwe ngumu kuliko za ndani, lakini soma kanuni kwanza. Kwenye mbio za kwanza kabisa za daraja kuu la NASCAR, Charlotte mwaka 1949, Glenn Dunaway alimaliza wa kwanza akafutwa kwa sababu ya springi za nyuma zilizochezewa, ushindi akapewa Jim Roper. Ubishi kuhusu gari lipi bado ni la kawaida na lipi limechezewa ni wa siku nyingi.

Injini kwenye joto na vumbi

Dodoma iko mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu, na maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 96. Kwa hiyo mfuniko wa rejeta ndio spea ya bei ndogo yenye kazi kubwa: weka mpya wa mgandamizo wa 0.9. Mpira wake ukichoka, mgandamizo unatoka na maji yanachemka mapema.

Thamostati usiitupe. Gereji nyingi zinaitoa kama dawa ya kuchemsha, lakini kwenye injini nyingi za Toyota thamostati ndiyo inayofunga njia ya mkato ya maji ikishapata moto. Ukiitoa, sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita rejeta. Weka mpya, ukiijaribu kwanza kwenye sufuria.

Maji ya visima vya huku mengi yana chumvi na yanaacha ukoko ndani ya rejeta. Jaza maji ya betri (yale safi, si asidi) au ya mvua. Mbele ya rejeta weka wavu wa matundu ya milimita 5, si ya mbu, maana wavu wa mbu unazibwa na tope kwa mizunguko miwili.

Hewa ya injini ichukuliwe chini ya kioo cha mbele, si nyuma ya grili, na chujio lifunikwe soksi ya sponji iliyopakwa oili kidogo. Gia boksi ya otomatiki ifungiwe rejeta yake ndogo ya oili, nje ya ile ya maji, na uendeshe ukiwa kwenye 2. Oili ya injini izidi nusu lita juu ya alama, na ndani ya sampu uchomelee vibati vya kuizuia isikimbilie upande wa nje. Taa ya oili ikiwaka katikati ya kona tu, tatizo ni hilo, si pampu.

Tangi jipya la lita 20 likae kwenye buti, ndani ya fremu ya bomba, bati la milimita 1 likilitenga na dereva. Paipu ya kunyonyea iwe kona ya nyuma ya nje, maana huko ndiko petroli inakokimbilia. Swichi kuu ya kuzima umeme na pampu ifikiwe na dereva, na pia mtu aliye nje.

Majaribio

Mwagia uwanja kwa boza jioni ya kabla na alfajiri. Upepo wa Agosti na Septemba unakausha udongo mwekundu kabla ya saa sita, na uwanja ulioshika asubuhi unakuwa unga unaoteleza mchana. Hapo punguza psi 2 au 3 kila tairi.

Zunguka mara tano kwa kasi ya wastani. Pua ikikataa kukata na kwenda ukutani, punguza psi 2 mbele nje, au ongeza tofauti ya mzingo wa tairi za nyuma. Mkia ukikimbia mapema, fanya kinyume. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Chora mstari wa chaki kutoka meno ya tairi hadi ubavuni: chaki ikifutika hadi ubavuni, tairi linalala, ongeza upepo. Kisha rudisha gari, kaza upya nati za rimu na boliti zote za wishiboni na difu, na upulize wavu wa rejeta kutokea nyuma kuja mbele.