Kubadili hausingi ya Game Boy Advance: somo kwa wa pwani ya kusini

Game Boy Advance, mashine ya gemu ya mkononi ya Nintendo, ilitoka mwaka 2001, kwa hiyo nyingi unazozishika leo zimekaribia au zimepita miaka ishirini. Kava lina mikwaruzo, kioo cha juu kimefifia, batani zinanata. Ndani lakini, mara nyingi bodi ya saketi ni nzima kabisa. Hausingi mpya, yaani kava lote la nje, inairudishia sura, ila haitibu kitu. Kwa sisi wa Mtwara, Mikindani, Lindi na Kilwa, hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi inakula vyuma kimyakimya. Siku ya kubadili hausingi ndiyo siku mashine inafunguka yote. Ukiifunga bila kusafisha bodi, umeacha kazi yenyewe umefanya mapambo.

Kwanza kununua. Hakikisha tangazo linasema Game Boy Advance ya kawaida, ile ya kulala, isiwe SP ya kukunja wala Game Boy Color. Pili, amua skrini. Ukibaki na skrini ya asili, nunua hausingi ya umbo la asili. Ukitaka kuweka IPS, skrini ya kisasa ambayo inawaka mwanga wake yenyewe, nunua hausingi iliyotengenezwa kwa ajili ya IPS, maana skrini hizo nyingi ni kubwa kuliko ya asili na bila hivyo utakaa unakata plastiki za ndani kwa kisu. Mimi sipendi kumwona mtu anayeanza akikata. Angalia pia kama mzigo una kioo cha juu, skrubu, batani na mipira inayokaa chini yake. Na kama unaagiza kutoka China, kifurushi kikishafika Dar bado kuna safari ya basi kuja huku, kwa hiyo agiza kila kitu kwa mara moja.

Bisibisi zinahitajika mbili. Ya nyota ndogo, ambayo kila fundi simu anayo, na ile ya mabawa matatu, yenye ncha kama nembo ya Benzi. Hapa watu wengi wanakwama: fundi simu atakuambia anayo, kwa sababu iPhone za karibuni zina skrubu za namna hiyo. Ile ya iPhone ni ndogo mno. Ukiilazimisha itakula kichwa cha skrubu, na skrubu iliyolika kichwa ni mateso. Agiza bisibisi pamoja na hausingi. Ongeza spiriti kali (ya asilimia 90 kwenda juu ni bora, ile ya 70 ina maji mengi), pamba za masikio, siki kidogo, na trei ya mayai ya kupangia skrubu, kila kundi tundu lake.

Kufungua ni rahisi. Toa kaseti na betri. Nyuma kuna skrubu sita za mabawa matatu na moja ya nyota ndani ya sehemu ya betri. Hiyo ya nyota ndiyo husahaulika, mtu anavuta kava hadi linapasuka. Nyanyua kava la nyuma polepole ukiwa umelaza mashine kifudifudi. Batani za mabegani, L na R, zina pini na springi ndogo sana. Kabla hujagusa chochote, piga picha kwa simu, kushoto na kulia.

Sasa flexi ya skrini, ule utepe mwembamba unaounganisha skrini na bodi. Imeingia kwenye soketi yenye kifuli. Kisukume kwa kucha, upande mmoja kisha wa pili, kitateleza kidogo tu, halafu flexi itatoka yenyewe bila kuvutwa. Ikikataa, kifuli hakijafunguka, basi. Fungua skrubu chache za nyota zinazoshika bodi, uinue pamoja na spika yake, maana spika imeungwa kwenye bodi kwa nyaya mbili nyembamba. Skrini ya asili imeng'ang'ania kava la mbele. Ni kioo chembamba, kwa hiyo usiipinde. Pitisha kadi ya plastiki pembeni, taratibu, ukizunguka.

Sasa bodi, na hapa usiwe na haraka. Angalia vyuma vya betri kwanza. Unga mweupe au wa kijani ni maji ya betri yaliyovuja. Betri za alkali ni alkali kweli, kwa hiyo siki inayaua maji hayo: chovya pamba ya sikio, paka, utaona povu dogo, futa, kisha pitisha spiriti kuondoa siki yote. Usiache siki ilale kwenye bodi. Baadaye safisha vile viduara vyeusi ambavyo mpira wa batani unagusa, kwa spiriti na mkono mwepesi. Swichi ya kuwasha idondoshee tone la spiriti uisogeze mbele na nyuma mara nyingi. Swichi chafu ndiyo inayofanya taa ya betri iwe nyekundu na mashine ijizime wakati betri bado mpya. Iache bodi ikauke hadi harufu ya spiriti iishe, na msimu wa mvua ipe muda zaidi.

Kabla ya gundi yoyote, jaribu kila kitu kikavu. Weka bodi kwenye hausingi mpya, sogeza swichi, zungusha sauti, chomeka earphone, ingiza kaseti. Hausingi za kuiga hutofautiana. Nyingine tundu limebana, nyingine swichi inagoma. Kasoro ya namna hiyo inasuguliwa kwa msasa laini sasa, kabla hujafunga. Mipira ya batani, kama ya zamani haijachanika, ioshe kwa maji na sabuni uirudishe. Kwa mkono wangu ya asili inabonyea vizuri kuliko mingi inayokuja na hausingi.

Skrini na kioo cha juu vibandike chumbani, feni imezimwa, madirisha yamefungwa. Mwagia maji kidogo sakafuni vumbi litulie. Punje moja ikibaki chini ya kioo utaiona kila ukicheza.

Kufunga: plastiki mpya bado ni laini. Weka skrubu, geuza bisibisi kinyume taratibu hadi uhisi skrubu imeshuka kidogo na kukaa kwenye njia yake, ndipo ukaze. Ikishika, acha. Kukaza kupita hapo kunavunja nguzo ya ndani au kunafanya batani ziwe ngumu.

MASWALI

Kutoka Masasi: Shikamoo fundi. Nikibadili hausingi, gemu nilizohifadhi zitafutika?
Marahaba mwanangu. Hapana. Zimehifadhiwa kwenye kaseti yenyewe. Itoe kaseti kabla ya kufungua, uiweke mbali na spiriti.

Kutoka Lindi mjini: Nimefunga, inawaka, sauti ipo, lakini skrini ina mistari.
Hiyo ni flexi, kaka. Haijaingia sawa au kifuli hakijarudi. Toa betri, fungua, iingize tena ikiwa imenyooka. Futa pia ncha zake kwa spiriti.

Kutoka Newala: Batani ya L haibonyei kabisa.
Springi imekaa vibaya au pini imetoka. Rudi kwenye picha ya kwanza uliyopiga. Kama hukupiga, fungua upande wa R uliokaa vizuri, utazame, uigize kwa kinyume chake.

Kutoka Mikindani: Ya kwangu ni nyeupe, imekuwa ya njano. Siwezi kuisafisha badala ya kununua?
Dada, njano hiyo imo ndani ya plastiki, sabuni haiitoi. Watu hutumia haidrojeni peroksaidi na mwanga wa jua, na inafanya kazi, ila rangi inaweza kutoka madoadoa, na njano hurudi baada ya muda. Kama hausingi ya zamani haijapasuka, itunze na stika yake ya nyuma. Ukiuza mashine siku moja, mnunuzi atakuuliza.

Kutoka Nachingwea: Nina SP. Hatua ni hizihizi?
Kusafisha ni kulekule, lakini kufungua kuna kazi. Flexi ya SP inapita ndani ya bawaba, na wengi wanaikata hapo. Jifunzie kwenye Advance ya kawaida kwanza.

Kutoka Kilwa Masoko: IPS inakula betri sana?
Inakula zaidi ya skrini ya asili. Ile ya asili Nintendo walisema inakwenda kama saa 15 kwa betri mbili za AA. Kwa IPS usitegemee hivyo, hasa ukipandisha mwanga. Tumia AA za kuchaji. Na ukiiweka kabatini, toa betri.