Kabla upepo wa Desemba haujaingia sebuleni

Kalathea, mmea wa ndani wa majani ya mapambo, niliyoinunua kwenye kitalu kando ya barabara ya Entebbe ilifika Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, mwezi wa kumi na moja, majani yamenawiri. Kufikia katikati ya Januari kingo zake zilikuwa rangi ya chai, zinavunjika ukizigusa. Nikazidi kumwagilia. Nilipoing'oa, mizizi ilikuwa myeusi na inanuka. Udongo haukuwa na kiu hata kidogo; hewa ndiyo iliyokauka.

Basi kabla ya kiangazi, zoea kutofautisha hayo mawili. Chomeka kidole kwenye udongo hadi kiungo cha pili. Ukikuta majimaji na huku ncha za majani zinakauka, hewa ndiyo kavu; weka kopo la maji chini, usimwagilie. Majani ya chini yakigeuka manjano na shina likalegea, umezidisha maji.

Tafuta pia kipima unyevu wa hewa, kile kidogo cha mezani. Kalathea, ndugu yake maranta, na kangaga hufurahia asilimia 50 hadi 60 au zaidi. Chini ya 40 huanza kulalamika. Wenzetu wa Entebbe na Jinja, walio ubavuni mwa Ziwa Viktoria, shida hii huwagusa kidogo tu. Sansevieria, ile ya majani magumu yaliyosimama, na shubiri zenyewe hazijali, ziache dirishani.

Mimea dhaifu ikusanye pembe moja, mbali na feni, maana majani hutoa mvuke na jirani hufaidika. Bafu lenye dirisha ni pazuri zaidi. Sinia ya kokoto na maji husaidia kidogo sana, na chungu kisiguse maji hayo. Kunyunyizia majani maji ni kazi ninayoipenda, sikatai, ila baada ya dakika chache hewa imerudi ilivyokuwa. Mashine ya kuongeza unyevu ni nzuri, mradi umeme upo. Kwa mche mdogo, kavera, yaani mfuko wa plastiki, inayopitisha mwanga inashinda vyote: ufunike huku vijiti vimeinua kavera ili plastiki isiguse majani, uache upenyo, uweke mbali na jua kali, la sivyo utaupika.

La mwisho ni kufuta kwa kitambaa chenye maji, chini ya kila jani, kabla mimea haijakaribiana, kwa sababu utitiri, vijidudu vinavyofyonza majani, huzaana upesi kwenye joto kavu. Kitambaa kikitoka na vumbi jekundu, hiyo ni barabara tu. Kikitoka na utando mwembamba kama wa buibui, huo ni utitiri; mmea huo ulale chumba kingine usiku huohuo.